Mwaka Maji Yaliposimama

Jana waling'oa miti ya Gaspari. Niliisikia kabla sijaiona, maana mti uliokaa ndani ya jiwe kwa miaka mingi hautoki kimya. Hulia kwanza, kisha huachia ghafla, na wanaume walioushika huangukia majini chali, wakicheka hata kama wamekuja kuzika. Nilikuwa nimesimama kwenye mwamba wa juu, na fimbo yangu, na koti langu la sufu nililoshonewa Ubelgiji, na vijana wa Wagenya, wavuvi wa maporomoko haya, walinitazama kama mtu aliyeshuka kwenye meli kwa makosa. Hawakujua kwamba maji yale yaliyo chini yao niliyalalia kwa tumbo kabla baba zao hawajazaliwa. Mti wa mwisho ulipochukuliwa na mto, nilisubiri. Nilijua kitakachofuata. Mapovu yalitulia, maji yakajikusanya juu ya jiwe, yakashuka laini kama ulimi, na kwenye ncha ya ulimi yakainuka na kusimama. Mugongo ulikuwa umerudi.

Habari za babu zangu sitaziandika hapa. Mtu aliyejijenga mwenyewe haanzi na babu, huanza na mikono yake. Nina diploma ya uhandisi wa maji, niliyoipata Ubelgiji wakati ambao wenye diploma ya namna hiyo kutoka mji wangu wangekaa kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Ipo ukutani sebuleni, ndani ya kioo, na mgeni yeyote anayeingia nyumbani kwangu lazima apite mbele yake kabla ya kufikia kiti. Nimepima mito ambayo wenyeji wake waliiogopa. Nimewaambia Wazungu wenye mvi kwamba daraja lao litaanguka, na lilianguka. Watu wakiniuliza nani alinifundisha maji, hutega sikio wasikie jina la profesa. Huwaambia ukweli: nilifundishwa na tumbo langu, kwenye kiti cha marehemu Mokonda, mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, mji wetu wa Kisangani ukiitwa bado Stanleyville.

Neno kiti lazima nilieleze. Kwenye maporomoko yetu kila familia ya Wagenya ina mahali pake kati ya mawe, na mahali hapo ndipo kiti. Mwenye kiti husimika miti mirefu ndani ya matundu ya mwamba, huifunga kwa kamba za msituni, na kwenye miti hiyo hushusha migono, vikapu vikubwa kuliko mtu, vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba, ambavyo samaki akiingizwa na mkondo hawezi kugeuka. Mwenye kiti akifa, siku ya maziko ndugu zake hung'oa miti na kuuachia mto uichukue, ili marehemu asiwe na kitu cha kurudia. Mtumbwi wake hukatwa vipande. Kisha kiti hukaa kitupu mpaka matanga yaondolewe, na kwa mtu mkubwa matanga ni mwaka mzima. Katika mwaka huo ni mwiko mti wowote kugusa jiwe lile.

Gaspari, mtoto wa Mokonda, alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja shuleni hadi homa ilipomchukua baba yake, akaacha shule. Mimi nilikuwa kijana wa mtaa wa Waislamu, kofia iliyofumwa kichwani, kalamu mfukoni hata siku isiyo ya masomo, na kwa sababu ya kalamu hiyo kwao waliniita Karani. Kila alasiri nilikwenda nyumbani kwa mama yake. Naiona ile nyumba kuliko ninavyoiona hii ninayoandikia, ingawa hii ina vigae. Chumba cha mbele kilikuwa na giza lenye harufu ya moshi na samaki mkavu, na beseni la kulowekea kamba ambalo ukipita bila kuangalia unaingiza mguu. Migono ambayo haikumalizika kufumwa ilining'inia darini kama popo. Ukutani kulikuwa na picha ya Bikira Maria na chini yake kasia la marehemu, limegeuzwa uso ukutani na kufungwa kitambaa cheusi. Tulikula lituma, ndizi iliyochemshwa na kutwangwa, na mchuzi wa samaki mwembamba sana, maana familia isiyo na kiti hula samaki wa kupewa. Mama Mokonda alijua kugawanya samaki mmoja kwa watu wanne hivi kwamba kila mtu aliona amepata kichwa.

Siku ninayotaka kuisimulia ilianza na masufuria. Veroni, dada mdogo wa Gaspari, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko kisu cha kuparia samaki, alikuwa ameinama kwenye mwamba wa juu akiosha vyombo. Chini ya vyombo aliweka kile kipande cha mkia wa mtumbwi wa baba yao, ile sehemu bapa ambayo mpiga kasia wa nyuma husimama juu yake. Vipande vingine vilikuwa vimeozea ukutani, lakini mkia ulikuwa mbao nzuri, nyeusi, ngumu kama pembe. Maji yalisukuma, sufuria likageuka, na mkia wa mtumbwi ukateleza ukaenda. Tuliutazama ukishuka kwenye ulimi wa maji na sote tulijua umekwenda, labda utaokotwa Yanonge, mbali huko chini ya mto. Haukwenda. Ulifika pale maji yanapoinuka, ukapanda kidogo, ukashuka kidogo, ukakaa. Mto mzima ulikuwa unapita chini yake kwa kelele, na wenyewe ulikaa palepale ukitikisika kama mtu anayesikiliza.

Veroni akaangusha sufuria. "Papa!" akapiga kelele kumwita baba yake. "Mama, kuya uone! Papa amekatala kwenda!"

Wanawake walitoka nyumba zote za ukingoni. Mama Mokonda akaweka mikono kichwani, na kilio kikaanza upya, kile cha siku ya maziko, kikipokewa mwamba hadi mwamba. Nami, kijana wa sekondari, nikaona ni wajibu wangu kuwasaidia. Nikasema kwa sauti kubwa:

"Mama, ni mayi tu. Chini ya ile wimbi mayi inarudia nyuma, basi inashika ubao. Ni mambo ya fizikia."

Mama Mokonda aliacha kulia akanitazama. "Karani," akasema, "nani alikuuliza?"

Gaspari alikuwa amekwisha kuvua shati. Aliingia majini juu ya ulimi, akaachilia mwili, akafika kwenye ubao akiwa na nia ya kuuleta ukingoni, akaushika, na haukukubali kutoka. Basi akapanda. Alilala juu yake kwa tumbo, mikono ikining'inia pande zote, na wimbi likamkubali yeye pia. Kilio kikakatika. Mto ulimpita kulia na kushoto, na yeye alikuwa pale, uso wake ukituangalia, hafiki popote, haendi popote, na nikaona anacheka. Tangu babake afe sikuwa nimemwona akicheka. Aliporushwa pembeni na kuogelea hadi kwenye kidimbwi kilichotulia nyuma ya jiwe, alikuja na ubao kifuani akamwambia mama yake, "Haikuwa kitu, mama. Iko kama mugongo yake tu. Alivyokuwa ananibeba." Ndivyo wimbi lilivyopata jina.

Jioni ile wazee walikuja kuuliza kama ni halali watoto kuchezea mtumbwi wa maiti. Mama Mokonda alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho. "Kuufanya kuni, hapana," akasema. "Mti kugusa jiwe, hapana. Ubao kuelea juu ya mayi, sikusikia muzee mumoja akikatala." Wazee wakatazamana, wakala ndizi, wakaenda.

Basi mwaka ule ulikuwa wetu. Jumapili Wazungu walikuja na kamera zao kupiga picha migono mikubwa ya upande wa pili, kisha wakarudi kwenye klabu yao yenye bwawa la kuogelea ambalo sisi tuliruhusiwa kulifagia. Mugongo hawakuuona hata siku moja; ulikuwa umejificha nyuma ya jiwe, na kwao maji ya Mokonda yalikuwa maporomoko kama mengine. Hakukuwa na foleni. Tulikuwa Gaspari na mimi, na Veroni mama yake alipokwenda kanisani. Hatukusema kupanda wala kuteleza. Tulisema kukaa. "Nimekaa leo." "Umekaa kidogo, wimbi ilikuchoka." Maji yalipokuwa mengi Mugongo ulilala, yalipopungua mno ulipasuka ukawa meno, lakini mto ulipokuwa unashuka baada ya mvua, katikati, ulisimama mrefu na wa kijani kibichi, na ukikaa juu yake ulisikia mawe yakiviringishwa chini kabisa, mbali, kama watu wanaohamisha samani kwenye nyumba ya jirani. Tulianza kwa tumbo, tukaja kwa magoti. Na hapa naandika wazi ili ijulikane: wa kwanza kusimama kwa miguu miwili juu ya Mugongo ni mimi. Gaspari alibisha maisha yake yote. Alisema nilichuchumaa, na kuchuchumaa si kusimama.

Sheria ilikuwa moja: ukianguka, anguka kulia. Kulia kulikuwa na kidimbwi. Kushoto mkondo ulikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Tonton Bolila, mdogo wa marehemu, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa, ambaye migono yake ilikuwa minene na imekazwa vizuri kuliko yote. Siku niliyosimama (nilisimama) nilijigeuza ili Veroni aone, nikaangukia kushoto. Mto ulinichukua miguu mbele, nikaona mdomo wa mgono ukija kama mlango wa kanisa, nikaingia. Wagenya husema kwamba samaki akiingia hageuki, na nathibitisha. Nilikwama hadi kwapani kwenye mkia wa kikapu, maji yakinipiga mgongoni, pua tu nje. Tonton Bolila na wanawe walivuta kamba, mgono ukapanda hewani ukivuja, nami ndani.

Tonton alichungulia katikati ya fito. Kisha akageuka kwa watu wote wa maporomoko akapaza sauti: "Bana! Leo nimekamata samaki ya Kiislamu!"

"Mukate kichwa uone kama iko na mafuta!" mtu akajibu kutoka mwamba wa mbali.

"Hapana, ile haina mafuta, iko na masomo tu!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini nilipotolewa, fito zilikuwa zimevunjika ubavu mzima, na kicheko cha Tonton kikaisha. Kwao kuvunja mgono wa mtu ni kama kuvunja bakuli lake la chakula mbele ya watoto wake. Akaamua papo hapo: nitaufuma upya, mimi mwenyewe, na sitarudi majini mpaka yeye aukanyage na usilie. Gaspari akasema atafuma pamoja nami. Kwa hiyo kwa muda mrefu, alasiri baada ya alasiri, tulikaa kwenye sakafu ya chumba kile chenye giza, kamba zikitukata vidole, Veroni akipita na kusema, "Karani, hiyo si barua, vuta!" Wahandisi wengi niliowajua baadaye hawakuwahi kufuma kitu ambacho maji yatakipima. Mimi nilifuma.

Hapo ndipo tulisikia. Ukuta kati ya chumba na jiko ulikuwa wa fito na udongo, na udongo ulikuwa umedondoka. Tonton Bolila alikuwa amekuja kuongea na shemeji yake, na alikuwa na sauti isiyojua kunong'ona.

"Siku ya kutoa matanga inakaribia," alisema. "Mutoto atashuka kutafuta tundu ya muti ya kwanza. Nani alimuonyesha? Ndugu yangu alikufa kabla ya kumuonyesha. Hata miye sijue; siku ya maziko tulivuta miti toka juu, tundu hatukuiona. Miye nilikuwa nashika kamba tu, yeye ndiye alikuwa chini."

"Atatafuta," mama akasema.

"Atatafuta wapi? Pale mayi inachukua mwanaume mukubwa kama jani. Akikosa, wazee watanipa miye kiti, ni sheria. Bon. Lakini akikosa vibaya? Shemeji, sitaki ulie mara mbili. Nimesema na capita, musimamizi wa shamba ya mpira kule ng'ambo ya Yanonge. Atamuchukua. Ataandikwa kazi, atakula. Mwambie akatae kushuka, nichukue kiti bila haya."

Tulisikia kijiko kikigonga ukingo wa sufuria. "Ni yeye ataamua," mama akasema mwishowe. "Lakini nikimuona amevaa nguo ya shamba ya mpira, nitajua baba yake amekufa kweli."

Nilimtazama Gaspari. Alikuwa ameshika ufito katikati ya kuupinda, na hakuupinda wala hakuuachia. Najua sasa, kwa umri wangu, kwamba Tonton hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anachagua kifo kidogo badala ya kikubwa. Siku ile nilimchukia. Kiti kile ndicho kilichokuwa jina la rafiki yangu, samaki wa mama yake na heshima ya Veroni, na yote yalining'inia kwenye tundu moja ndani ya mwamba ambalo hakuna mtu hai aliyejua lilipo, chini ya maji yasiyoonyesha kitu. Na hatukuweza kulitafuta kwa mti, maana mti haukuruhusiwa kugusa jiwe mpaka siku yenyewe.

Sasa nitajisifu, na nina haki. Ni mimi niliyeliona. Tuliporudi majini, mgono wa Tonton ukiwa umekanyagwa na haukulia, nilikuwa nimelala juu ya Mugongo kwa tumbo na nikahisi tena kitu ambacho tulikuwa tukikihisi mwaka mzima bila kukipa akili. Palikuwa na mahali pamoja, kidogo upande wa jiwe jekundu lililochomoza majini, ambapo wimbi lilikuwa laini. Kila mahali maji yalikusukuma juu kwa nguvu ileile. Pale yalilegea, yakapwita, yakalegea, kama utosi wa mtoto mchanga. Tulikuwa tukipaepuka kwa sababu palimyumbisha mkaaji. Nilijirusha kulia, nikaogelea hadi kidimbwini, nikamkamata Gaspari mkono. "Wimbi iko sura ya jiwe," nikamwambia. "Jiwe likiwa na shimo, wimbi itakuwa na shimo. Ile utosi, Gaspari! Chini ya ile utosi!" Alinitazama. Hakusema mambo ya fizikia. Alisema, "Kwa hiyo mwaka muzima nimelala juu yake." Akachukua ubao akarudi majini.

Hatukucheza tena baada ya hapo. Alikaa Mugongo kwa tumbo tu, macho amefumba, akizunguka utosi ule kidogo kidogo mpaka aliweza kuupata kutoka upande wowote, maji yakiwa mengi au machache. Siku ya mwisho kabla ya matanga kutolewa tulikaa juu ya mwamba, ubao katikati yetu, tukautazama Mugongo ukisimama kwenye jua la jioni, na wote wawili tulijua kwamba miti ikisimikwa, iwe ya Gaspari au ya Tonton, wimbi litakufa. Gaspari alinisukuma kwa bega. "Enda ukae mara ya mwisho," akasema. "Halafu usigeuke kumuangalia Veroni."

Siku yenyewe mwamba ulijaa watu. Wazee walikaa kwenye viti vya kukunjwa, wanawake wamevaa vitambaa vipya, ngoma ilikuwa ikipigwa polepole. Gaspari alifungwa kamba kiunoni. Tonton Bolila na wanawe wakaishika. Akashuka na mti wa kwanza. Aliuteremsha upande wa jiwe jekundu, mkondo ukaupiga, ukateleza juu ya mwamba, ukamponyoka. Watu wakaguna. Wakampa mwingine. Huo nao ukaenda. Sauti ya Tonton ikapasuka: "Rudi, mutoto! Inatosha! Rudi!" Na hapo Gaspari akafanya jambo ambalo maporomoko hayakuwahi kuliona katika shughuli hiyo. Aliachia mawe, akajilaza. Bila ubao, bila mti, tumbo juu ya maji, mikono wazi, uso ndani ya mto.

Wanawake wakapiga kelele. Tonton akaanza kuvuta kamba. Nami nikaruka, mwanafunzi wa mtaa wa Waislamu asiye na neno lolote katika shughuli za watu wale, nikaishika kamba mbele yake na kuweka mguu kwenye jiwe. "Muache, Tonton! Anasikiliza!"

"Anakufa!"

"Anatafuta utosi!"

Tonton aliinua mkono anipige. Mama Mokonda alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikujua kama aliniamini mimi au alimwamini mwanawe, na sikuwahi kumuuliza. Alisema neno moja tu. "Muache." Mkono wa Tonton ukashuka. Kamba ikalegea. Gaspari alikwenda kulia kidogo, kushoto kidogo, kama mtu anayetafuta upande wa baridi wa mto wa kulalia. Kisha akainua mkono mmoja hewani bila kuinua kichwa.

Ni Tonton Bolila mwenyewe aliyeruka na mti. Aliupitisha kando ya bega la kijana, wakausukuma pamoja, na tukasikia sauti ambayo sijaisikia kwenye daraja lolote nililojenga: pigo fupi, la chini, mti ukiingia nyumbani. Mti ukasimama. Wimbi likapasuka pande mbili, likatafuta mahali pa kuinukia, likakosa. Ngoma ikalipuka. Watu wote walikuwa wanaruka na kulia kwa furaha, na mimi nilikuwa naruka pamoja nao, huku nikitazama mapovu mahali ambapo Mugongo ulikuwa umesimama.

Jioni kasia la marehemu liligeuzwa likatazama chumbani. Samaki walikuwa wengi mpaka Mama Mokonda hakugawanya. Aliweka sinia katikati. Tonton alinikatia kipande cha tumbo, chenye mafuta, akakiweka mbele yangu mbele ya watu wote. "Karani, kula," akasema. "Leo iko samaki ya Kikristo, lakini haitakuuma."

Niliondoka baadaye kwenda kusoma, kwanza Léopoldville, mji mkuu, kisha Ulaya, na yaliyofuata yameandikwa kwenye diploma. Profesa alipochora ubaoni wimbi linalosimama juu ya kizingiti, maji yakirudi nyuma chini yake, wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini na kushika tumbo. Miaka mingi baadaye niliona kwenye pwani ya bahari vijana wa Kizungu wakipanda mawimbi kwa mbao zilizopakwa rangi, wakija hadi mchangani, wakirudi tena kupiga makasia kwa mikono. Walikuwa hodari. Lakini wimbi lao lilikuwa na safari, na likifika linakufa. Letu halikwenda popote, na tuliokaa juu yake tulijifunza kukaa. Niliporudi Kisangani nikajenga nyumba, Gaspari alikuwa mwenye kiti mkubwa, kifua kama pipa, amemrithi Tonton sura. Kila Jumapili alikuja na samaki, alisimama mbele ya diploma yangu, akaisoma taratibu kana kwamba ni mara ya kwanza, akasema, "Hapa hawakuandika kama ulichuchumaa." Nami nikakasirika kila Jumapili. Tangu alipofariki wiki iliyopita nimejaribu kusema peke yangu sebuleni kwamba mimi ndiye wa kwanza kusimama. Hakuna anayebisha, na neno halina ladha.

Leo asubuhi nilirudi kwenye mwamba. Veroni alikuwa pale, mzee kama mimi, mwembamba, ulimi haujapata kutu. Miguuni pake kulikuwa na kipande cha mkia wa mtumbwi wa kaka yake, uliokatwa jana. Mwana wa Gaspari, anayeitwa Mokonda kama babu yake, alikuwa anakunja kamba. Yeye ameonyeshwa tundu. Baba yake hakurudia kosa la kuchelewa. Wanawake wa msiba walikuwa wamekaa ukingoni na khanga zao nyeusi.

"Karani, umevaa vizuri," Veroni akasema. "Unaenda kufunga ndoa na mto?"

Kisha, bila kuniondolea macho, akausukuma mkia wa mtumbwi kwa mguu. Safari hii haikuwa bahati mbaya. Ubao uliteleza juu ya ulimi wa maji, ukafika pale maji yanapoinuka, ukapanda kidogo, ukashuka kidogo, ukakaa. Mwanamke mmoja akasimama. Mwingine akaweka mikono kichwani. Kilio kikaanza, kikaenda mwamba hadi mwamba, na Mokonda kijana akanigeukia, macho yamejaa, kwa kuwa ameambiwa mimi najua.

"Wewe wa diploma," Veroni akasema. "Leo nakuuliza miye. Sema mbele ya watu. Iko mayi?"

Nilijinyoosha. Niliwatazama wote, nikatumia sauti ile ile niliyowaambia Wazungu habari ya daraja lao.

"Nimesoma maji maisha yangu yote," nikasema, "na katika mji huu hakuna anayeyajua kunishinda. Si maji. Ni Gaspari."

Nikampa Veroni fimbo yangu anishikie, nikaketi juu ya jiwe, nikaanza kuvua viatu.